Miayo ya Baba

Mafuta ya nyonyo yakipashwa moto hutoa harufu nzito, kama karanga zilizokaribia kuungua. Mwezi uliopita nilikwenda Area D kumwona mdogo wangu Amosi, mkewe amejifungua, nikamkuta mama mkwe wake jikoni ameyaweka kwenye upawa juu ya jiko la mkaa, ayapashe kidogo amchue mtoto mgongo. Ilikuwa zaidi ya miaka thelathini sijaisikia harufu ile. Niliaga upesi, nikasema nimekumbuka nguo nilizoanika. Sikuwa nimeanika nguo yoyote. Nilikwenda kukaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikawa naitazama mikono yangu. Nawaeleza ninyi kwa sababu Amosi sijawahi kumweleza. Mambo haya yalipotokea yeye alikuwa bado ananyonya.

Baba yetu alikuwa mwandishi wa vibao, na mji mzima ulimwita Fundi Daudi. Nilipokuwa mdogo kabisa kazi yake ilikuwa haba. Maduka yalikuwa machache na yote yalifanana, na hakuna aliyehitaji kibao kumwonyesha foleni ya sukari iko wapi. Baba aliandika namba ubavuni mwa malori na majina ya makanisa, basi. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alikitoboa dirisha, akapanga sabuni, betri na khanga, halafu akamtafuta Baba. Alikuwa akitoka nyumbani kwetu Chang'ombe alfajiri na ngazi begani, anarudi jioni ananuka tapentaini hadi kwenye nywele. Hakutumia rula. Alivuta uzi uliopakwa chaki, akaupiga ukutani ukaacha mstari, kisha akaegemeza kidole chake cha mwisho na kuanza. Herufi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa R. Alisema mguu wa R ukikosea, duka zima linaonekana limelewa.

Alianguka msimu wa upepo, ule unaotupa vumbi la Dodoma mpaka ndani ya sufuria zilizofunikwa. Alikuwa Makole, juu ya ngazi, anaandika DUKA LA VIFAA VYA UJENZI. Mwenye duka alitusimulia baadaye kwamba alimwona amefika kwenye N, kisha brashi ikateremka yenyewe, ikachora mstari mrefu mwekundu hadi chini ya ukuta, na Baba akaufuata. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Mama alinifuata shuleni, nikiwa darasa la nne, akaniambia tu, "Penina, chukua mfuko wako twende."

Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mguu, mkono na pembe ya mdomo, na maneno yalikuwa yamekwenda pamoja nao. Alipokaa wodini siku kadhaa, neno moja likarudi, na neno lenyewe lilikuwa "kesho". Ukimuuliza kama anataka uji, kesho. Ukimuuliza kunauma wapi, kesho. Alijua kwamba silo alilolitaka, maana alilisema kisha akafumba macho kwa uchungu, akajaribu tena, likatoka lilelile. Tuliporudi nyumbani mwenye duka wa Makole alikuja kumjulia hali. Kwa mazoea tu akauliza, "Sasa fundi, kile kibao tutakimalizia lini?" Baba akajibu, "Kesho." Yule bwana aliangua kicheko, akasema mafundi ni walewale hata wakiwa kitandani. Mama naye akacheka. Nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka mwaka ule. Baba hakucheka.

Hospitalini tulipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bwana Yoeli, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na vidole vyembamba. Kwa kuwa Mama alikuwa na mtoto mgongoni na chakula cha kutafuta, mimi ndiye niliyefundishwa. Niliambiwa nikunje na kunyoosha vidole vya Baba kimoja kimoja, kisha kiganja, kisha kiwiko, polepole, asubuhi kabla ya shule na tena jioni. Bega niliambiwa nisilivute kamwe. Nilibebe kwa mkono wangu kutoka chini, kama ninavyombeba Amosi. "Mwambie anachotakiwa kufanya," Bwana Yoeli alinisisitizia, "na yeye ajaribu pamoja nawe, hata kama huoni kitu." Alimwambia Mama kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini. Sikupaswa kuyasikia hayo, lakini niliyasikia, na tangu siku hiyo kila wiki iliyopita niliihesabu kuwa imeibwa.

Alikuwepo pia Mama Zaituni, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke wa Kiislamu ambaye mtaa mzima ulimpelekea miguu iliyoteguka na migongo iliyoshikwa. Ndiye aliyekuja na mafuta ya nyonyo. Alimchua Baba kuanzia shingoni kushuka, amefumba macho, vidole vyake vinatafutatafuta ndani ya nyama kama mtu anayechambua mchele gizani. Siku moja alisimamisha mikono akamwambia Mama, "Mama Penina, mimi nikikanda mguu ulioteguka, msuli unanijibu, unakaza, unakataa. Huu wa Fundi ni mzima kabisa, lakini haunijibu. Mwenyewe hayupo." Mama alimwomba aendelee tu. Akaendelea.

Na mimi niliendelea. Nawaambieni, hakuna kazi iliyowahi kunichosha kama ile. Niliukunja mkono ule ambao ulikuwa na uzito wa gogo, nikisema, "Baba, kunja. Baba, nyoosha," na Baba alikaza taya, mshipa ukamtokea kwenye paji la uso, jasho likamtiririka, na kidole hakikutikisika. Nilikuwa naomba huku nakunja. Nilimwahidi Mungu kwamba sitamjibu Mama vibaya tena, kwamba nitakula mlenda bila kununa. Shuleni nilikuwa natazama mkono wangu ukiandika, nikajaribu kujua unafanyaje. Niliuambia, andika, kabla haujaandika. Lakini ulikuwa umekwisha kuandika.

Kilichoniharibu kilianza na salamu. Alikuja mtoto wa jirani kuomba moto, akapita mlangoni mwa chumba na kusema, "Shikamoo, Fundi." Baba akajibu, "Marahaba." Wazi kabisa, kwa sauti yake ileile ya zamani, bila kukwama. Nilidondosha bakuli. Nilikimbilia kitandani nikamwambia, "Baba, sema tena! Sema marahaba!" Alinitazama, akahangaika, midomo ikapinda. "Kesho," akasema. Nikatoka nje, nikahesabu hadi kumi, nikaingia tena kama mgeni. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Jioni alikuja mzee wa kanisa akamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, na Baba akaitikia mbukwa, safi. Mama alilia kwa furaha siku ile. Mimi sikulia. Nilikuwa na wazo dogo, baya, ambalo hata kulifikiri niliona aibu.

Siku chache baadaye, mchana baada ya chakula, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda nikifanya hesabu za shule. Baba alikuwa chali. Usingizi ulimjia, akapiga miayo, ile mirefu ya mtu aliyeshiba. Na mdomo wake ulipokuwa unafunguka, mkono wa kulia ukaanza kupanda. Haukurushwa. Ulipanda polepole, kiwiko kikijikunja, kiganja kikainuka toka kwenye shuka hadi karibu na kifua, vidole vikatanuka kama vya mtu anayepokea kitu. Mdomo ulipofunga, ukashuka ukalala.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama alikuja mbio na unga mikononi. Nilimwambia mkono umeinuka, nimeuona, umeinuka! Mama akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba Penina, inua tena. Inua hata kidogo." Baba alijaribu. Naona uso wake mpaka leo. Alijaribu hadi miguu ya kitanda ikalia, na mkono ulibaki pale ulipo. Mama alinigeukia akaniuliza, taratibu, kama nina hakika. Ningeweza kusema labda nimeota. Lakini nilikuwa na miaka kumi, nimeukunja mkono ule asubuhi na jioni kwa miezi, nimemwomba na kumlilia, na sasa nimeuona ukipanda wenyewe.

"Anaweza," nikasema. "Hata kuongea anaweza. Anajifanya. Hataki tu."

Mama alinipiga kofi. Baba alitoa sauti, siyo kesho, wala siyo neno lolote, kisha machozi yakamtoka jicho moja baada ya jingine, na kwa kuwa mkono mmoja haukuwa wake tena na mwingine ulikuwa chini ya blanketi, hakuweza hata kuyafuta.

Ningependa mambo yaishie hapo. Jumapili yake alikuja Baba mkubwa Stefano, kaka yake Baba, kutoka kijijini upande wa Kongwa, amebeba gunia la uwele. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mwenye nguvu na upendo wa kelele nyingi, na kumwona mdogo wake vile kulimtesa. Alikuwa amechoshwa na ushauri wa kila mtu. Wengine walimwambia karogwa, wengine walimwambia damu imeganda. Aliniita uani akanikalisha mbele yake. "Penina, wewe ndiye unayemuuguza. Niambie ukweli. Umeona nini?" Nikamwambia. Nilimwambia vizuri sana, kwa mpangilio, kama ninavyojibu darasani. Marahaba. Mbukwa. Mkono.

Alifurahi. Hilo ndilo linalonikaba kila nikilikumbuka. Alisimama akapiga makofi. "Basi mkono ni mzima! Umeshikwa tu. Umelala muda mrefu ukajikunja, unahitaji kufunguliwa." Akamtuma mtu amwite Mama Zaituni. Mama Zaituni alikuja, akasikiliza, akalishika bega la Baba kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Huu hauvutwi, kaka. Hapa hakuna kilichoshikwa. Mimi nakanda, sivuti."

"Basi kaa pembeni," Baba mkubwa akasema.

Mama alikuwa kanisani na Amosi. Baba mkubwa alipaka mafuta kwenye mikono yake mikubwa, akapanda kitandani, akaweka goti kwenye ubavu wa Baba, akashika kifundo cha mkono kwa mikono miwili. Alikuwa akimwambia maneno ya kumtia moyo, vumilia mdogo wangu, kidogo tu. Mama Zaituni alijiziba mdomo kwa khanga. Baba alinitazama mimi. Alitikisa kichwa, akasema, "Kesho, kesho, kesho," na mimi niliyekuwa nimebeba lile bega kutoka chini kila siku kama nilivyofundishwa, mimi niliyejua, sikusema kitu. Nilikuwa nangoja mkono uinuke.

Baba mkubwa akavuta.

Sijui kama mmewahi kumsikia mtu mzima asiye na maneno akipiga yowe. Majirani walijaa uani. Alipoachia, bega lilikuwa limeshuka, pana shimo juu yake ambamo kidole changu kingeweza kuingia, na mkono wote ulianza kuvimba kabla jua halijazama. Baba mkubwa alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi na kofia yake mapajani, na mafuta bado yaling'aa kwenye mikono yake. Mama aliporudi alimpita.

Tulimrudisha hospitali kwa mkokoteni kama ule wa kwanza. Bwana Yoeli alilifunga bega kwa kitambaa kipana, kisha akaniuliza mimi, siyo watu wazima, nani alivuta na kwa nini. Nikamweleza yote. Nilitegemea kofi jingine. Aliniketisha kwenye benchi la mazoezi.

"Hukusema uongo," akaniambia. "Umeuona kweli. Mimi pia nimeshauona kwa wagonjwa wengine. Sasa nisikilize. Wewe ukitaka kuinua mkono, amri inatoka huku," akagusa upande wa kichwa changu, "inashuka kwa mishipa ya fahamu, inapita shingoni, inafika kwenye msuli, na msuli unatii. Kwa baba yako, mahali pa kutolea amri ndipo palipoharibika. Msuli upo, mishipa ya mkononi ipo, ila amri haifiki. Lakini miayo, je, wewe hupiga miayo kwa kutaka?"

Nikasema hapana, inakuja tu.

"Inatoka chini zaidi, sehemu ya zamani, inayofanya kazi bila kutuuliza, kama kuhema. Ikiamka kwa nguvu, inaweza kuugusa na mkono. Siyo baba yako anayeuinua mkono ule. Yeye mwenyewe anauona ukipanda kama ulivyouona wewe, na hawezi kuushika."

"Na marahaba?"

"Hiyo nayo ameitikia tangu akiwa kijana. Inatoka yenyewe ikisikia shikamoo. Akiitafuta haipati."

Nilielewa maneno yote. Niliweza hata kuyarudia, na nilimsimulia Mama njiani. Lakini nilipofika nyumbani sikuthubutu kuingia chumbani kwa Baba, kwa sababu sasa nilijua kwamba siku ile nilipomwita mwongo alikuwa ananisikia na kunielewa vizuri, na hakuwa na neno hata moja la kujitetea.

Mguu ulirudi kiasi. Kufikia mvua zilizofuata alikuwa anatembea kwa fimbo, akiuzungusha mguu wa kulia kwa nje kama mtu anayeruka mfereji. Mkono haukurudi, na lile bega lilimuuma tangu siku ile hadi mwisho. Hakuruhusu tena mtu kuligusa, si Mama Zaituni wala mimi. Mara moja alinionyesha kwa kidole nimletee kopo la rangi na kipande cha ubao. Akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua asubuhi nzima. Herufi zilitoka nzuri, nawaapia, zimenyooka bila rula, na R moja ilikuwa na mguu wake kamili. Ila hazikuwa neno. Zilikuwa herufi saba zilizokaa pamoja tu, bila maana yoyote. Alirudi nyuma hatua mbili kuzitazama, kama alivyokuwa akifanya barabarani, akakunja uso, akajua kwamba kuna kitu kimekosewa na hajui ni kipi. Alinitazama nimsaidie. Nami nikamwambia, "Ni nzuri, Baba." Akachukua kitambaa akazifuta zote. Hakushika brashi tena.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Nilimfulia, nilimpikia, nilimsomea Zaburi. Lakini kati yetu palikuwa na kitu. Mara nyingi tukiwa tumetulia, mimi kwenye kigoda na yeye kitandani, alikuwa akinigeuzia mgongo ghafla, anajivuta kwa shida na kuelekea ukutani, na kukaa hivyo kitambo. Nilijua ni kwa nini. Hajanisamehe, nilijiambia, na sikumlaumu. Nilikuwa natoka nje polepole ili asiendelee kuiona sura yangu.

Kiharusi cha pili kilimchukua asubuhi moja akiwa anakunywa chai. Baada ya matanga, wageni wamekwisha kuondoka, mimi na Mama tulikuwa tunakunja nguo zake. Nilimwambia Mama jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba Baba amekufa na kinyongo na mimi, kwamba kwa miaka yote sita alikuwa akinigeuzia mgongo.

Mama aliacha kukunja. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha ninayoongea.

"Alikuwa anapiga miayo," akasema.

Nikamuuliza anasema nini.

"Penina, yule alikuwa anapiga miayo. Akiisikia inakuja na wewe uko ndani, anageuka. Ukiwa shule alikuwa anapiga tu mbele yangu, na mkono unapanda, nami nimezoea. Ni kwako wewe tu. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini anajitesa, akanionyesha kile kigoda chako, halafu akaweka mkono machoni, hivi." Akayafunika macho yake kwa kiganja. "Hakutaka uuone tena. Aliona ulivyofurahi siku ile, kumbe bure."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua mishipa ya fahamu, nilijua amri inatoka wapi na inapita wapi, nilikuwa nimeshaifanyia hata mtihani shuleni na kupata. Nilikuwa sijajua hili. Kitanda cha Baba kilikuwa kimekaa na ukuta upande wake wa kulia. Kila alipogeukia ukuta alililalia lile bega lililovutwa.